Aya ya Nne ya Taarifa Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Ninaandika shajara hii kwa sababu moja tu: nataka kuthibitishwa kazini. Leo nimepokelewa kwa majaribio ya miezi mitatu katika kikosi cha ulinzi wa jengo la mahakama, nikiwa na shahada ya usimamizi wa usalama, daraja la kwanza. Nimeonelea kwamba mtu atakayepimwa mwishoni mwa mvua anapaswa kuwa na kumbukumbu zake mwenyewe, zilizoandikwa siku hiyo hiyo, kabla hajapata nafasi ya kuzipamba.

Kikosi kina walinzi arobaini na wawili. Wanawake ni saba. Kati ya hao saba, wanaobeba bastola ni wawili: mimi, kuanzia leo, na mwanamke wa makamo ambaye kila mtu anamwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zake wawili. Ana miaka kumi na moja kazini. Elimu yake, kwa kadiri nilivyofahamu, iliishia shule ya msingi.

Nilikabidhiwa bastola, magazini mbili za risasi, mkanda, pingu, redio ya mkononi na ala ya bastola. Ala ndilo jina lililomo katika daftari la ghala la silaha. Walinzi wote husema mfuko, nami nitaandika mfuko. Ni mfuko mgumu wa plastiki nyeusi unaopitishwa kwenye mkanda na kukaa juu ya nyonga ya kulia. Mtunza ghala, ambaye pia ndiye mkufunzi wa shabaha, ni mzee mfupi wanayemwita Kufuli. Alinitazama kiunoni.

"Umevaa, au umevalishwa?"

Nikamjibu kwamba nimefuata ukurasa wa kumi na sita wa mwongozo.

"Haya, Msomi. Ukurasa hauna nyonga."

Naona jina hilo litanikaa.

Alhamisi, 7 Machi

Jaribio la kwanza uwanjani. Filimbi inapulizwa; mlinzi anachomoa bastola mfukoni na kupiga risasi mbili kifuani mwa shabaha, mita saba. Muda unaokubalika ni sekunde mbili na nusu. Asiyeufikia katika jaribio la mwisho, tarehe 31 Mei, hathibitishwi. Mimi: tatu nukta nne.

Nimelichunguza tatizo kwa utulivu. Nyonga ya mwanamume hushuka wima kama ukuta. Yangu imetoka nje. Mfuko ukikaa juu yake, sehemu ya chini husukumwa nje na kitako cha bastola huingia ndani, kikalala juu ya mbavu. Ili nikishike, sina budi kwanza kukibandua mwilini mwangu. Aidha, umbali kati ya kiuno changu na kwapa ni mfupi: kiwiko hupanda mpaka karibu na sikio kabla mdomo wa bastola haujatoka. Walinzi wa kiume walicheka, wakasema nachomoa kama mtu anayejikuna mgongo.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Nina alama nyekundu ubavuni, upana wa kiganja.

Jumatatu, 11 Machi

Zamu ya lango kuu. Wanawake wanaoingia mahakamani hupekuliwa na wanawake. Watatu kati yetu wamepangwa vyumba vya juu na wawili wako likizo, hivyo tumebaki sisi wenye silaha. Ukurasa wa tisa unasema wazi kwamba mwenye kupekua asibebe silaha, kwa kuwa mikono ya anayepekuliwa huwa karibu mno na kiuno chake. Bibi mmoja niliyemwinamia alinigonga begani.

"Mwanangu, hicho kidude chako kinanichoma tumbo. Nani anampekua nani hapa?"

Watu kwenye foleni waliangua kicheko. Mama Pacha alicheka nao, akamwambia, "Bibi, ukikipata kirudishe, tumekiandikishia saini." Niliona kwamba hakupaswa kucheka.

Jioni nilimweleza Mkuu wa Kikosi juu ya ukurasa wa tisa. Ni mtu mrefu, mtaratibu, mwenye shahada mbili ukutani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. "Swali zuri sana," alisema. "Tunahitaji watu wanaouliza hivi." Nimeirudia sentensi hiyo njia nzima hadi nyumbani.

Jumatano, 13 Machi

Choo cha walinzi wa kike kimejaa maji tangu juzi, na kilichobaki kimefanywa stoo ya viti vilivyovunjika. Tunatumia choo cha wageni.

Nilifunga mlango, nikalegeza mkanda, na papo hapo mkanda mzima, pamoja na bastola, magazini, pingu na redio, ukapinduka upande wa kulia na kuivuta suruali hadi sakafuni kwa kishindo. Mlango wa choo kile haufiki chini. Kutoka chumba cha pili sauti ya mwanamke iliuliza:

"Dada, umeangusha kitu?"

"Hapana."

"Mbona kama bastola?"

"Ni bastola."

"Haya. Pole."

Nilipomsimulia Mama Pacha, alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha alifuta macho na kunifundisha, akionyesha kwa vitendo pale pale koridoni, bila haya: usiitoe bastola mfukoni hata kidogo, usishushe suruali chini ya magoti, panua magoti mpaka kitambaa kikazwe, mkanda ukae humo kama mtoto kwenye mbeleko. "Magoti yatauma," alisema. "Yaache yaume."

Mwongozo una kurasa mia moja na nne. Neno choo halimo.

Jumatatu, 18 Machi

Tatu nukta moja. Mvua siku nzima. Tukiwa tumevaa makoti ya mvua, ambayo ni ya wanaume na hufika magotini, bastola haionekani wala haifikiki. Kufuli aliagiza tuchomoe hivyo hivyo. Kwa koti: nne nukta mbili.

Jumatano, 20 Machi

Mvua ilituzuia chini ya paa la lango, mimi na Mama Pacha, karibu saa nzima. Hakukuwa na mgeni. Aliniuliza kama bado nafuata ule utaratibu wa magoti. Nikamwambia siku za hedhi hauwezekani, kwa kuwa mikono miwili haitoshi. Alinitazama kwa namna nyingine, kama mtu anayeamua jambo.

"Nitakwambia kitu. Mwaka jana, mvua kama hizi. Siku yangu ya pili, nilikuwa navuja kama bomba. Nikaona hapana, nikaitoa, nikaiweka juu ya tangi la choo. Nipo katikati ya kujisafisha, redio inaita: chumba namba mbili, watu wanapigana, haraka. Nikafunga suruali nikakimbia. Nilipofika kule nikashika kiunoni. Mfuko mtupu."

"Ukafanya nini?"

"Nikageuka. Ngazi zile sikuzikanyaga, nilizipaa. Dakika nne, Msomi. Nikaikuta imekaa pale pale, imepata matone ya maji."

"Ulitoa taarifa?"

"Kwa nani? Wewe nawe! Nakwambia ili yasikukute. Hujasikia kwangu."

Nilisema sijasikia. Nimeandika hapa kwa sababu shajara si mtu.

Jumatatu, 25 Machi

Mama yangu ni fundi cherehani, na kwa wiki tatu amekuwa akiniona nikijipaka dawa ubavuni. Jana aliichukua suruali ya kazi, akaigeuza ndani nje juu ya meza ya kukatia.

"Hii alikatiwa nani, mlingoti?"

Alishona vitanzi vipana vya mkanda ili usipinduke. Kisha alikunja vipande vya kitambaa kigumu, akatengeneza kigodoro kidogo kama kitabu cha dua, kinachokaa nyuma ya mkanda juu ya nyonga na kusukuma kitako cha bastola nje, mbali na mbavu. Alinifanya nichomoe mara ishirini kwa rula ya mbao, mbele ya wateja wawili waliokuja kupima magauni. Mmoja aliuliza kama naolewa na askari.

Alhamisi, 28 Machi

Mbili nukta saba! Sijawahi kuifikia. Na hapo Kufuli akanisogelea, akaingiza vidole viwili nyuma ya mkanda wangu.

"Hiki nini?"

"Kitambaa, mzee."

"Kimo kwenye orodha ya vifaa?"

"Hakimo. Lakini kinasaidia."

"Sijauliza kama kinasaidia. Toa. Siku kikikwama na wewe unachomoa, nitaulizwa mimi."

Bila kigodoro: tatu kamili. Ni mtu mgumu asiyependa maendeleo.

Jumatano, 3 Aprili

Mkuu wa Kikosi aliniita ofisini. Wakurugenzi wanakuja mwisho wa mwezi, na anataka kuwakabidhi taarifa ya kitaalamu kuhusu hali ya walinzi wa kike wenye silaha. "Changamoto, ushahidi, mapendekezo," alisema akihesabu kwa vidole. "Wewe ndiye mtu wa kuiandika. Si kila siku tunapata mtu wa kiwango chako." Alinimiminia chai mwenyewe.

Nimemwambia mama. Alisema, "Waombe suruali basi." Nikamweleza kwamba taarifa haiombi, taarifa inapendekeza.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika. Mvua haijakatika tangu jana.

Jumanne, 9 Aprili

Kurasa nane. Aya ya kwanza: maumbile na mahali pa mfuko. Ya pili: mavazi na koti la mvua. Ya tatu: upekuzi langoni. Ya nne: vyoo. Ya tano hadi ya saba: mapendekezo, yaani mifuko inayoshuka chini ya mkanda, suruali za kukatiwa wanawake, na kulabu imara au kisanduku cha kufuli katika choo kimoja cha walinzi wa kike.

Aya ya nne ilinisumbua. Bila tukio halisi, ilisomeka kama malalamiko ya watu wasiopenda kazi. Nililifikiria jambo hilo kwa siku mbili, na hatimaye nikafuata kanuni tuliyofundishwa chuoni: tukio hutajwa, mhusika hufichwa. Nimeandika: "Mlinzi mmoja wa kike mwenye uzoefu wa miaka kumi na moja (jina limehifadhiwa) aliwahi kulazimika kuacha silaha juu ya tangi la choo cha wageni kwa muda wa dakika nne." Niliwaza kubadili kumi na moja kuwa "zaidi ya mitano". Lakini takwimu iliyobadilishwa si takwimu tena.

Ninaamini ndiyo aya bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

Ijumaa, 12 Aprili

Nilimwonyesha Kufuli rasimu ili athibitishe idadi ya mifuko iliyopo ghalani. Aliisoma amesimama, polepole, akifuata mistari kwa ukucha. Alipofika ukurasa wa tano ukucha ulisimama.

"Hii aya ya nne itoe."

"Mzee, hiyo ndiyo nguzo ya taarifa."

"Ndiyo maana nakwambia itoe."

"Kwa sababu gani?"

"Msomi, mimi ni mtunza ghala. Kuna mambo nikiyasoma inabidi niwe nimeyasoma." Akanirudishia karatasi, akageukia makabati yake. "Sijafika ukurasa huo. Umesikia? Sijafika."

Nilitambua kwamba anaogopa kwa kuwa udhibiti wa silaha ni jukumu lake. Saa tisa alasiri niliikabidhi taarifa kwa Mkuu, nakala tatu, zimefungwa vizuri.

Alhamisi, 18 Aprili

Mkuu alinisimamisha kwenye ngazi mbele ya walinzi wengine, akanipa mkono. "Kazi ya kiwango cha juu." Mbili nukta tisa, bila kigodoro.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 24 Aprili

Lazima niandike kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi Mama Pacha aliitwa ghorofa ya tatu, kwa Mkuu. Tulikuwa langoni, foleni ikiwa ndefu, naye aliniachia upande wake akisema, "Nikirudi nitakuletea habari, huenda wanatupa choo." Alikuwa akitabasamu. Alijua naandika taarifa. Nilimweleza habari za suruali na mifuko. Sikumweleza aya ya nne.

Alirudi saa tano na nusu. Hakuja langoni. Nilimwona kupitia kioo akisimama kwenye dirisha la ghala, akitoa magazini, akigeuza bastola kuonyesha kwamba ni tupu, akiiweka juu ya kaunta, kisha akihangaika na mkanda. Kufuli alitoka nje ya ghala, jambo ambalo halifanyi kamwe akiwa zamu, akamsaidia kuufungua.

Ndipo akaja kwangu. Alivuka foleni nzima ya wanawake waliolowa, nao wakampisha.

"Msomi."

"Naam, mama."

"Hapa kuna wanawake wangapi wenye bastola?"

"Wawili."

"Wenye miaka kumi na moja kazini?"

Nikamgeukia mgeni aliyefuata kwenye foleni.

"Nakuuliza hesabu. Si ndiyo umesomea?"

"Sikuandika jina," nilisema. "Nilihifadhi jina. Hiyo ndiyo kanuni, mama, mhusika huwa hatajwi…"

"Hukuandika jina." Alilirudia kama anajaribu funguo kwenye mlango. "Ungeandika jina ingekuwa afadhali. Ningejua umenichukia."

Mgeni mmoja aliuliza kama foleni inasogea au haisogei. Mama Pacha alimgeukia, akamwambia kwa adabu, "Inasogea, dada yangu, panua mikono." Akampekua. Akampekua na aliyefuata. Alipekua wanawake tisa, mkanda umeondoka kiunoni, suruali ikishuka naye akiipandisha kwa mkono mmoja, mpaka Mkuu alipomtuma mtu kumwambia amesimamishwa kazi na hapaswi kuwa pale.

Nilibaki nikipekua. Niligundua kwamba simfikirii yeye bali nafikiria sentensi: iwapo ningeandika "zaidi ya mitano". Maneno matatu. Niliyaona, nikayaacha kwa sababu yangeipunguzia aya yangu ubora.

Nimeona mwezi huu wote kwamba Mama Pacha hana elimu. Kila nilichoandika katika kurasa zile nane nilijifunza kwake: magoti, koti, jinsi ya kusimama ubavu kwa ubavu unapopekua ili bastola ibaki upande wa ukuta. Mimi nililoongeza ni neno "aidha".

Alhamisi, 25 Aprili

Tangazo ubaoni: kufuatia taarifa ya kitaalamu iliyowasilishwa, na kwa ajili ya usalama wao wenyewe, walinzi wote wa kike wanasitishiwa kubeba silaha hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Walinzi wote wa kike sasa maana yake ni mimi.

Nilirudisha bastola. Kufuli alisukuma daftari mbele yangu.

"Saini hapa. Na hapa."

Kisha, bila kuombwa, alitoa faili kuukuu na kulifungua. Mlikuwa na barua tatu, za miaka sita, zote kwa mwandiko wake: anaomba mifuko inayoshuka kwa ajili ya walinzi wa kike. Kila moja imegongwa muhuri wa kupokelewa. Hakuna majibu.

"Na mimi niliandika," alisema. "Ila sikuweka mtu ndani."

Ijumaa, 26 Aprili

Nilikwenda kwa Mkuu kuomba taarifa yangu nirudishiwe.

Hakukasirika. Ndilo jambo lililonitisha zaidi. Alinikaribisha kiti, akaniambia kwamba taarifa ikishapokelewa si ya mwandishi tena, ni ya ofisi. Nikamweleza kwamba kusudi la aya ya nne lilikuwa kuonyesha kasoro ya choo na ya mfuko, si ya mtu.

"Bila shaka," alisema. "Lakini choo hakiwezi kuitwa kwenye kikao."

Alisema wakurugenzi walishauliza: je, kikosi kimezembea? Wanataka kuona hatua. Mapendekezo yangu ni mazuri na yatazingatiwa hali ikiruhusu. Kisha akaniambia kwamba hakuna haja ya kungoja jaribio la shabaha: nitathibitishwa kuanzia tarehe mosi mwezi ujao, katika kitengo cha taarifa, ghorofa ya tatu, meza karibu na dirisha. "Hutavaa tena ule mfuko," alisema, kama mtu anayetoa zawadi.

Nilisema ahsante. Niliinuka, nikasema ahsante mara ya pili mlangoni.

Jumanne, 30 Aprili

Nimeandika maelezo ya nyongeza, kurasa mbili: tukio lilisababishwa na ukosefu wa mahali salama, mhusika alilieleza kwa hiari ili kumkinga mwenzake, na katika miaka kumi na moja hana kosa jingine. Nimeyakabidhi.

Alhamisi, 2 Mei

Meza ipo karibu na dirisha kweli. Kutoka hapa naona lango. Foleni ya wanaume inakwenda. Ya wanawake inapinda hadi barabarani, kwenye mvua, kwa kuwa anayepekua amebaki mmoja.

Ijumaa, 3 Mei

Maelezo ya nyongeza yamerudi na muhuri: Hayahusiani na shauri.

Jumanne, 7 Mei

Mama aliuliza kile kigodoro akitumie wapi. Nikamwambia kila kitu, kwa mara ya kwanza. Cherehani ilisimama.

"Huyo mama ana watoto?"

"Pacha. Wanafanya mtihani wa mwisho mwaka huu."

"Umekwenda kwake?"

"Bado."

"Wiki mbili!" Aliendelea kushona, lakini nilisikia anashona mahali pasipohitaji.

Alhamisi, 9 Mei

Nilikwenda baada ya kazi. Nyumba ya vyumba viwili, nguo zimeanikwa ndani kwa sababu ya mvua. Mmoja wa mabinti alifungua mlango nusu.

"Mama amesema hayupo."

Kutoka ndani: "Mwache aingie, analowa."

Alikuwa akipiga pasi sare ya kazi. Shati lilikuwa limekwisha kunjwa; alikuwa kwenye suruali, akinyoosha mikunjo ya kiunoni ambako mkanda ulikuwa umeacha alama isiyotoka. Alisema hataki kuirudisha ikiwa na makunyanzi, wasije wakapata la kusema. Hakunikaribisha kiti, ila binti aliniletea kimoja.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia nitasema mbele ya kikao cha nidhamu kwamba nililitunga tukio lile ili kuipa taarifa uzito; kwamba sikulisikia kwa mtu yeyote.

"Watakufukuza."

"Wanifukuze."

"Na mimi je?" Aliisimamisha pasi. "Unadhani hawakuniuliza? Mkuu aliniuliza siku ile ile: ni wewe? Nikasema ni mimi. Sikujua kuna kuhifadhi jina."

Binti mwingine, aliyekuwa na daftari mapajani, aliinamisha kichwa zaidi.

"Kwa hiyo ukisema umetunga," aliendelea, "wewe unatoka kwa kutunga na mimi natoka kwa kukubali. Tunatoka wawili. Inamsaidia nani?"

Nilimuuliza itakuwaje wakimwondoa. Alisema wanaandika kwenye kibali cha silaha, "ameacha silaha mahali pa wazi", na kikiandikwa hivyo hakuna kikosi wala kampuni ya ulinzi itakayompokea, hata ya kulinda geti la godauni. Alisema bila machozi, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua. Amezunguka sehemu nne wiki hii. Wote wanasubiri kusikia kikao kitasemaje.

Nikamwomba msamaha. Ilinichukua muda kupata sentensi isiyokuwa na kiunganishi.

"Nimekosa, mama."

"Najua." Alirudi kwenye pasi. "Ulikuwa unataka kuonekana. Hata mimi nilitaka kuonekana, nilipokuwa na umri wako. Ila mimi sikuwa na karatasi."

Alinipa mwavuli nilipotoka. Nilikataa, akasema, "Chukua, usinisumbue."

Ijumaa, 10 Mei

Barua mbili zimetoka leo, mimi ndiye niliyetumwa kuzigonga muhuri. Moja inamwita Mama Pacha mbele ya kamati ya nidhamu. Ya pili inaniita mimi, shahidi wa ofisi, nije na nakala halisi ya taarifa na niisome kwa sauti aya ya nne, kisha nithibitishe kwamba saini ni yangu. Nimesoma kanuni zote za kikao, kurasa thelathini. Shahidi hujibu anachoulizwa tu. Nimetafuta mahali ambapo shahidi anaruhusiwa kuongeza neno, kama nilivyotafuta neno choo katika mwongozo.

Saa kumi na moja jioni Mama Pacha alipiga simu. Nilidhani atanitukana, nikapokea nikiwa nimesimama.

"Umepata yako?"

"Nimepata, mama."

"Wameandika usome?"

"Ndiyo. Kwa sauti."

"Basi soma vizuri, usimung'unye maneno. Wale wazee hawasikii, watakurudisha mwanzo, na mimi sitaki kuisikia mara mbili."

Nilijaribu kusema jambo. Alinikatiza.

"Mwavuli wangu uje nao. Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, ghorofa ya pili, chumba namba saba."